Shubiri Mbili

Mwashi aliitwa Bei Moja, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kwa miaka ishirini na tisa, mtu akimfuata na mchoro wa nyumba, au akichukua kijiti na kumchorea vyumba mchangani, yeye aliomba siku mbili tu. Alikizunguka kiwanja kwa miguu, akahesabu matofali kichwani, akaenda nyumbani akalala, akarudi na bei. Ilikuwa bei ya kila kitu, vifaa na ufundi, kuanzia msingi mpaka kofia ya paa. Akishaitamka, imetoka. Mvua ikibomoa mtaro, shauri lake. Seremala akimtoroka katikati ya kazi, shauri lake. Walikuwapo mafundi waliojenga haraka kuliko yeye, na walikuwapo waliojua mapambo zaidi. Watu walimfuata Bei Moja kwa sababu waliojengewa naye walipata usingizi.

Basi miaka miwili nyuma, aliyemfuata alikuwa dada yake wa kuzaliwa tumbo moja.

Dada huyu alimpita kwa miaka tisa. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kibanda chake cha kupanga kilikuwa kando ya barabara ya lami, kimebanwa kati ya fundi viatu na duka la dawa. Ovaroli ya kwanza ambayo Bei Moja aliivaa kazini ilitoka mikononi mwake, na mpaka leo ndiye aliyemshonea ovaroli zote, kwa kuwa alidai za dukani zimekatwa na watu wasiojua kwamba mwashi huinama. Mchoro wa nyumba aliuchora mwenyewe kwa chaki juu ya karatasi ya kaki, ileile ya kukatia mitindo. Ulikuwa na chumba cha kulala, sebule, jiko, choo, na chumba cha kazi cha mita nne kwa tatu na nusu.

"Hiki ndicho nyumba," alisema, akikigonga chumba cha kazi kwa kidole. "Hivyo vingine vinakisindikiza."

Sababu ilikuwa meza. Dada alikuwa na meza ya kukatia ya mbao ngumu, urefu mita mbili na nusu, upana mita moja na robo, na haikupata kukaa mahali panapoitosha. Pale kibandani nusu yake ilikuwa ndani na nusu nje chini ya turubai, na mvua ikinyesha alikata kitambaa kwa upande mmoja huku akisukuma maji ya turubai kwa fagio upande wa pili. Alitaka chumba ambacho ataizunguka meza yake pande zote nne. Meza usiyoweza kuizunguka, alisema, ni rafu iliyolala.

Bei Moja aliomba siku zake mbili, akarudi kibandani, na mbele ya akina mama watatu waliokuwa wakisubiri sketi, akaitaja bei. Dada hakusema ghali wala rahisi. Alifungua mlango wa kabati la vitambaa, akaiandika bei ile kwa chaki upande wa ndani, akafunga. Kisha akaanza kuishonea.

Ilimchukua miaka miwili. Alipomaliza, alimpelekea mdogo wake fedha yote ikiwa imefungwa ndani ya kipande cha kitambaa cha sare, cha rangi ya samawati, haikupungua wala haikuzidi. Pamoja nayo alileta habari. Mwenye kibanda alikuwa amempandishia kodi mara ya pili, na sasa alitaka kibanda chake kabisa. Alikuwa amempa miezi mitatu.

"Miezi mitatu inakutosha?" dada aliuliza.

"Inanitosha."

"Na hela ni ileile uliyoitaja."

"Ni ileile," alisema Bei Moja, na kweli ilikuwa ileile. Tatizo ni kwamba hakuna kitu kingine duniani kilichobaki kilekile.

*

Alikwenda kwanza duka la vifaa. Yeye na mwenye duka walijuana tangu wote wawili wakiwa na nywele. Zamani ubao wa bei pale mlangoni ulikuwa umeandikwa kwa rangi ya mafuta na mtu wa mabango, kwa herufi zenye vivuli. Sasa ulikuwa wa chaki, na pembeni yake kwenye msumari kilining'inia kitambaa chenye unyevu.

"Saruji ni bei gani?" Bei Moja aliuliza.

"Unataka ya asubuhi au ya sasa hivi?"

"Usinichezee, bwana."

"Sikuchezei, fundi. Ya asubuhi nilimaliza. Gari lililoingia saa nne limekuja na bei yake."

Bei Moja hakuwa mwepesi wa kumwona mtu mbaya. Alivuta kigoda akaketi, akamwomba mwenye duka amweleze, kitu kimoja kimoja, kwa nini. Na mwenye duka, ambaye siku nzima alikuwa akitukanwa na watu wasiouliza, alieleza kwa furaha kama mtu aliyepata msikilizaji wa ugonjwa wake. Nondo zinakuja kwa meli, na zinalipiwa kwa fedha ya kigeni, na fedha ya kwetu ikiyumba kidogo tu, nondo inaruka. Kiwanda cha saruji kina tanuru mbili, moja imezimwa inasubiri kipuri kutoka ng'ambo tangu mwaka juzi. Hiyo moja iliyobaki inameza makaa, na makaa yenyewe yamepanda. Halafu ile barabara kuu mpya na yale madaraja yake yanabeba saruji kwa malori mia. Halafu mafuta ya gari. Halafu kila mtu anajenga.

"Kwa hiyo nani anayekula hela?" aliuliza Bei Moja.

"Nami ningependa kumjua. Akipatikana nitakwenda kumwomba kazi."

Kutoka pale alikwenda kwenye maegesho ya malori ya mchanga. Dereva aliyezoea kumletea alimweleza kwamba mto wa karibu umechimbwa mpaka ukabaki mawe, wakubwa wameufunga, na sasa mchanga unafuatwa mwendo wa saa mbili na nusu kwenda tu. Hata hivyo bei ya tripu aliyoitaja ilikuwa imepanda kidogo mno kuliko alivyotegemea. Bei Moja akafurahi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akapanda gurudumu la nyuma, akashusha futi yake ndani ya bodi ya lori, na futi ikagota mapema. Chini kulikuwa na sakafu nyingine ya mbao, imeinuliwa kwa kina cha mkono mzima.

Akamtazama dereva. Dereva naye akamtazama bila aibu kubwa.

"Mzee, nikipandisha bei, mnaniita mwizi mbele za watu," alisema dereva. "Nikiinua sakafu, mnaniita mwizi kimoyomoyo. Mimi nimechagua kimoyomoyo. Nina familia."

Bei Moja alishuka kwenye gurudumu. Alitaka kukasirika, ila alitembea njia nzima akitafuta wa kumkasirikia, akamkosa. Kila mtu aliyemwendea siku ile alikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa za kweli.

*

Mtu mwingine angekwenda kibandani kwa dada yake, akavuta kiti, akasema: dada, mambo yamebadilika. Ilikuwa safari ya robo saa. Bei Moja aliianza mara mbili. Mara ya kwanza alifika kwa fundi viatu, akasalimia, akarudi. Mara ya pili alifika mlangoni kabisa, na dada akamwambia, "Nilijua utakuja. Simama hapo nikupime, ovaroli hiyo imechakaa magotini," na alipokwisha kupimwa, maneno yalikuwa yamekwisha kumtoka kichwani.

Asubuhi ya kupiga kamba za msingi alikuwa kiwanjani na Redio. Redio alikuwa kibarua aliyefanya naye kazi kwa miaka kumi na mitano, baba wa watoto watano, mchanganyaji zege hodari, na jina lake lilijieleza. Alianza kusema akishika koleo la kwanza na kumaliza akinawa miguu. Asubuhi ile alikuwa akisimulia habari ya shemeji yake aliyenunua pikipiki isiyo na breki, na Bei Moja alikuwa akivuta futi kutoka kwenye kigingi cha kona ya chumba cha kazi. Futi ikasoma mita nne. Alisimama pale kitambo. Kisha akafungua kiganja, akakilaza juu ya futi, akapima shubiri moja kurudi nyuma, akapima na ya pili, akapigilia kigingi hapo.

Redio akanyamaza katikati ya breki za pikipiki.

"Mchoro umebadilika kidogo," alisema Bei Moja.

"Sawa, fundi," alisema Redio, na hakutoa neno jingine mpaka wakati wa chai. Bei Moja hakuwahi kuusikia mtaa ule ukiwa na utulivu kama huo.

Shubiri mbili kila upande wa kila chumba. Alikuwa ameipiga hesabu siku tatu, na ilikubali vizuri mpaka ikamtia hofu. Matofali yaliyopungua, mchanga uliopungua, nondo zilizofupika za lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, mabati mawili yaliyotoka kila safu, vyote vilishuka pamoja mpaka vikakaa ndani ya fedha ya dada kama mguu ndani ya kiatu. Alijiambia kwamba hajapunguza nguvu ya ukuta. Uwiano wa saruji ulikuwa uleule. Alijiambia kwamba watu wanalala ndani ya vyumba, hawavipimi.

Walichimba mitaro, wakamwaga zege, wakaanza kupandisha matofali ya msingi, kuta za nje na za kati pamoja. Kozi ya tatu, yaani safu ya tatu ya matofali, ilipokamilika, dada alikuja kutazama.

Alivuka ukuta mdogo wa kozi tatu kwa kuinua gauni, akasimama katikati ya chumba cha kazi.

"Mbona kama sanduku?"

Kila mteja husema hivyo akiuona msingi. Nyumba isiyo na kuta, iliyolala chini ya mbingu yote, huonekana ndogo kama banda la kuku, na mafundi wote wana jibu lake. Bei Moja alikuwa amelitoa zaidi ya mara mia, na mara zote hizo lilikuwa kweli.

"Msingi unadanganya macho, dada. Ukuta ukipanda, chumba kinakua."

"Haya. Fundi ni wewe."

Dada alitembea humo polepole, mikono nyuma. Akafika ukutani, akageuka, akakitazama chumba namna anavyomtazama mtu anayeingia kibandani kushonewa. Kwa kawaida kabla hajashika futikamba alikwisha kukisia kiuno na mabega, na futikamba ilikuja tu kuthibitisha. Hakukosea zaidi ya kidole. Bei Moja alilijua jambo hilo tangu utotoni. Ila alikuwa ameamua kutolikumbuka.

Dada akaaga, akaenda zake. Redio akaegemea koleo.

"Ameshajua," alisema.

"Changanya mchanga."

*

Kesho yake, Jumatano, Bei Moja alipofika kiwanjani, dada alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, amevua viatu, na sakafu nzima ya udongo ya chumba cha kazi ilikuwa imetandikwa karatasi za kaki. Si karatasi zilizotupwa ovyo. Zilikuwa zimeshonwa kwa cherehani, mshono baada ya mshono, zikafanya umbo la meza yake kwa kipimo chake halisi, na juu yake kwa chaki alikuwa ameandika MEZA. Kandokando ya ukuta ililala karatasi nyingine, CHEREHANI, na nyuma yake nyingine, KITI. Mawe madogo yalizishikilia zisipeperuke.

Mkononi dada alishika duara moja kubwa la karatasi. Lilikuwa limeandikwa MIMI.

"Karibu," alisema. "Vua viatu, usinichanie meza."

Bei Moja akavua viatu.

"Huyu ni mimi," dada aliendelea, akimpa lile duara. "Nimejipima jana jioni. Sikujipendelea. Hebu mpitishe."

"Dada."

"Mpitishe tu. Aanzie mlangoni, aende upande wa pili wa meza akachukue mkasi."

Mwashi wa miaka hamsini na miwili alichuchumaa peku juu ya udongo, akaanza kulisukuma duara lile la karatasi. Lilipita vizuri mlangoni. Lilipofika kwenye kona ya meza, ubavu wake mmoja ukapanda juu ya MEZA na ubavu wa pili ukakunjika ukutani. Akalisogeza. Likakunjika zaidi. Upande wa cherehani hali ilikuwa mbaya kuliko hapo, kwa sababu KITI kilikuwa kimekwisha kuziba njia yote.

"Amekwama?" aliuliza dada.

"Amekwama."

"Msingi unadanganya macho. Na karatasi je?"

Bei Moja aliketi chini palepale alipochuchumaa. Upande wa nje wa ukuta Redio alijitia kuusafisha mwiko uliokuwa safi.

"Redio, wewe ulijua?" dada aliuliza.

"Mimi, mama, ni mtu wa kuchanganya tu."

Dada akamgeukia mdogo wake. Hakuwa na sura ya hasira. Alikuwa na ile sura ya mtu anayetafuta mshono ulipoanzia kwenda kombo.

"Umenikata wapi?"

"Kila upande. Shubiri mbili."

"Za mkono wako au wangu?"

"Wangu."

"Mkono wako mkubwa, mdogo wangu."

Gari la maji lilipita barabarani, kengele yake ikalia, likapotea.

"Nilishasema bei," Bei Moja alisema mwishowe. "Niliisema mbele za watu. Miaka miwili umeishonea bei ile. Ningekujaje kukwambia imekufa? Saruji imepanda, nondo zimepanda, mchanga unatoka mbinguni. Nilikwenda kwa kila mtu nikauliza, kila mtu ana haki. Nikaona bora chumba kipungue kidogo, neno libaki."

"Na meza?"

"Nilijidanganya itaingia."

"Iingie, na mimi nikae nje nikiitazama dirishani."

Dada alilichukua lile duara la karatasi kutoka mkononi mwa mdogo wake, akalinyoosha mikunjo kwa kiganja juu ya goti lake, taratibu, kana kwamba ni kitambaa cha mteja.

"Nikwambie kitu," alisema. "Unazijua sketi zangu za shule. Tangu nianze kazi nilikuwa naacha pindo la vidole vinne. Mtoto akirefuka, mama yake anafumua, sketi inashuka, anavaa mwaka wa pili, anavaa na wa tatu. Ndiyo maana walinifuata mimi. Sasa hivi kitambaa kimepanda mara tatu ndani ya mwaka. Mama anakuja ameshika hela ya mwaka jana, ameikunja mkononi, ananitazama. Nashindwa kumwambia. Nasema sawa, lete mtoto nimpime. Halafu nikikata, nakata pindo. Naacha vidole viwili. Kuna walioondoka na kidole kimoja."

"Hukuwaambia?"

"Hata mmoja. Mwakani watarudi wanunue nyingine, wakidhani watoto wao wanakua upesi."

Redio alicheka huko nje, kisha akakohoa kuficha.

"Basi tuko sawa," alisema Bei Moja, kwa sauti ndogo.

"Hatuko sawa hata kidogo. Mimi nimekata pindo. Wewe umenikata mwili." Ila alikuwa anatabasamu alipolisema, na Bei Moja akaona jinsi meno ya dada yake yalivyopungua, na alivyozeeka akiwa pale kibandani, nusu ndani na nusu nje. "Jana nililala vibaya. Si kwa sababu ya chumba. Nilikuwa nawaza, huyu mtoto ameubeba mzigo huu peke yake tangu lini, na mimi nampima magoti. Sasa nyanyuka. Niambie bei."

"Bei gani?"

"Ya leo. Ya nyumba ileile niliyochora, kwa kipimo nilichochora."

Bei Moja alinyanyuka. Aliikung'uta ovaroli. Alikuwa na bei ile kichwani kwa wiki kadhaa, ameizunguka kama mtu anavyomzunguka mbwa asiyemjua. Akaitaja. Ilikuwa ile ya zamani, na nusu yake tena.

Dada aliipokea bila kupepesa macho.

"Hiyo nusu ni ya nini?"

Akamweleza, kitu kimoja kimoja, vile alivyoelezwa yeye: meli, tanuru, makaa, barabara, mto uliobaki mawe, hata sakafu ya lori. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Mara mbili alimsimamisha akauliza. Alipomaliza, akasema, "Na wewe uko wapi humo?"

"Mimi?"

"Ufundi wako. Sijausikia. Nimesikia mchanga, nimesikia nondo, nimemsikia mpaka dereva. Wewe na Redio mnakula nini?"

"Redio nimemweka."

"Nimewekwa, mama," alithibitisha Redio.

"Na wewe?"

Bei Moja alitazama vidole vyake vya miguu. Kwa kweli hakujiweka. Katika hesabu ile ya siku tatu, jambo la kwanza kukatwa, kabla ya shubiri hata moja, lilikuwa ujira wake mwenyewe.

"Jiweke," alisema dada.

"Itazidi."

"Jiweke nione ilivyozidi. Sitaki nyumba iliyojengwa na mtu mwenye njaa, itainama."

Akajiweka. Akaitaja upya, na safari hii dada alivuta pumzi, akaketi tena juu ya ndoo. Aliitazama karatasi, akautazama ukuta wa kati, wa kozi tatu, uliotenga chumba cha kazi na sebule. Alitazama muda mrefu. Bei Moja aliujua mtazamo huo. Ndivyo alivyokuwa akikiangalia kitambaa kisichotosha gauni, kabla ya kuamua litakuwa sketi.

"Toa sebule."

"Dada, wageni watakaa wapi?"

"Nani anakuja kwangu asiyetaka kushonewa? Toa. Huu ukuta ubomoe, chumba cha kazi kiende mpaka kule. Itakuwaje?"

Mwashi akaanza kupiga hesabu, na midomo yake ikawa inacheza. Ukuta mmoja kutoka. Mlango mmoja kutoka. Lenta moja kutoka. Kuta za nje zibaki hapohapo zilipo, msingi usiguswe. "Inashuka," alisema. "Haishuki mpaka chini."

"Jiko?"

"Jiko ukilitoa kwenye nyumba, tukakuwekea mabati manne huko nyuma kwa sasa, inashuka tena."

"Litoe. Plasta?"

"Plasta inaweza kusubiri. Tofali halioni aibu."

"Isubiri. Vioo vya madirisha?"

"Dada, vumbi litaingia kwenye vitambaa."

"Madirisha niachie mimi, nina mapande ya turubai. Endelea."

Waliendelea hivyo, jua likipanda, yeye akitaja na dada akikata, na pale dada alipotaka kukata nondo za lenta Bei Moja akakataa katakata, wakabishana, dada akamwita kichwa kigumu, naye akamwambia nondo si pindo. Dada akacheka, akaziacha. Mwisho walifika mahali ambapo fedha iliyofungwa kwenye kitambaa cha samawati ilitosha kuta, paa, mlango mmoja na ujira wa mwashi. Nyumba ile haikuwa ileile aliyoichora. Ndugu wakija siku ya shughuli wangekaa uani, na Bei Moja aliliwaza hilo, akaona uchungu, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuona kichwani pale viti vitakapokaa. Lakini chumba cha kazi kingekuwa na mita zake nne na zaidi, na meza ingezungukwa.

"Na hii bei," aliuliza dada, akivaa viatu, "inasimama mpaka lini?"

Katika miaka ishirini na tisa hakuna aliyepata kumuuliza swali hilo. Bei Moja aliufikiria ule ubao wa dukani. Aliifikiria tripu ya mchanga.

"Mpaka Ijumaa," alisema.

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. Redio naye akacheka, sasa bila kukohoa, na Bei Moja, ambaye mwanzoni hakuona cha kuchekesha, akajikuta anacheka pia, kwa aibu kidogo, kama mtu aliyeshikwa anaimba peke yake.

"Leo Jumatano," dada alisema alipopata pumzi. "Basi twende tukanunue leo kila kinachonunulika. Saruji, nondo, mabati. Vilale kwangu, nivipishe kitanda ikibidi."

"Saruji tuchukue ya wiki mbili tu. Ikikaa inaganda."

"Ya wiki mbili, basi. Lakini mabati yote."

"Mabati yote."

Walizikusanya karatasi wakiwa wawili, kila mmoja akishika ncha zake, wakakunja, wakasogeleana, wakakunja tena. Redio akachukua nyundo, akausogelea ukuta wa kati. Alikuwa amekwisha kurudi kwa shemeji yake na ile pikipiki, ambayo sasa ilikuwa inateremka mlima.

"Gonga polepole," Bei Moja alimwambia. "Kozi zote tatu. Mchanganyiko bado mbichi, matofali yatatoka mazima, tutayatumia."

"Na upande wa chooni, jiko likishatoka, mama, kipimo kipya nani anapima?"

"Huyu," alisema dada. "Yeye atashika futi upande mmoja, na mimi nitashika upande wa pili. Fedha unayo, mdogo wangu?"

"Ninayo," alisema Bei Moja.

Wakatoka kuelekea dukani, dada mbele kwa mwendo wake wa haraka, na mdogo wake nyuma akihesabu mabati kwa sauti, ili wote wawili wasikie.